Treni Ikisimama Ndani ya Handaki, Nani Ainuke Kwanza?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu lile handaki la Ngong, la SGR, ile reli yetu ya kisasa, karibu kilomita 4.5, unalopita ukitoka Nairobi kuelekea Suswa, na tangu siku hiyo maswali hayajakauka. Yametoka Nakuru, Kisumu, Kakamega mpaka Bungoma, na karibu yote ni ya jambo moja: moto ukitokea mle ndani, mtu anafanya nini? Nimeona safu yote ya mwezi huu iwe ya hayo. Nimechagua sita, kama lako halipo soma hivyo hivyo, pengine jibu lako liko kwa swali la mwenzako.

*Habari yako mwalimu. Mimi nakaa Free Area hapa Nakuru. Disemba tunataka kupeleka watoto Mombasa, na tukirudi tumepanga tutoke Nairobi na SGR mpaka Suswa alafu tuchukue matatu ya nyumbani. Shida ni baba watoto. Amesikia kuna handaki refu na anasema moto ukitokea mle watu watakuwa wendawazimu, watakanyagana, kwa hivyo mimi na watoto tukae tu kwa viti vyetu mpaka watu waishe. Mimi naona kukaa ni kungoja kifo. Nani ako sawa? – Mama Watoto, Nakuru*

Mama Watoto, wewe uko karibu na ukweli kumliko, lakini usimcheke baba watoto, anaamini kitu ambacho karibu kila mtu anakiamini. Tumezoea kufikiria hatari ikitokea watu wanachanganyikiwa na kukimbia ovyo. Wale wanaochunguza hizi ajali wamekuta kitu tofauti kabisa na mimi naona kingefaa kusomwa kila mahali penye stesheni: watu hawakimbii, watu wanangoja. Wanaangaliana. Mmoja anaona moshi anamwangalia jirani, jirani naye anamwangalia huyo, kila mtu anaona mwenzake ametulia basi anajiambia pengine si kitu, na dakika zinaenda.

Tarehe 18 Februari 2003, mji wa Daegu kule Korea Kusini, mtu mmoja aliwasha petroli ndani ya treni ya chini ya ardhi ikiwa imefika stesheni ya Jungangno. Wengi wa treni hiyo walitoka kwa sababu milango ilikuwa wazi na moto waliuona kwa macho yao. Dakika chache baadaye treni ya pili ikaingia ikasimama upande ule mwingine wa stesheni, moto ukaifikia, na hawa wa treni ya pili ndio walikufa wengi zaidi. Jumla ya waliokufa ilifika 192. Kwa spika waliambiwa wangoje, wakangoja. Kuna picha ilipigwa ndani ya behewa moja, imezunguka dunia nzima: abiria wameketi kwa viti pande zote mbili, moshi umeshaingia, wengine wameziba mdomo na pua, na hakuna anayeenda mlangoni. Baadaye dereva wa hiyo treni ya pili alitoka na ule ufunguo mkuu wa treni na milango mingi ikabaki imefungwa watu wakiwa ndani. Mimi nikiiangalia hiyo picha sioni wendawazimu, naona watu wenye heshima zao wanaofuata maagizo na kufuatana wao kwa wao.

Na hii si tabia ya Wakorea. Mwaka 1968 huko Marekani, watafiti wawili wa saikolojia, Latané na Darley, waliweka watu kwa chumba wajaze fomu, alafu wakaanza kupenyeza moshi kwa ukuta. Mtu akiwa peke yake, asilimia 75 walitoka kwenda kusema kuna moshi. Mtu akiketishwa na wawili ambao wamepangwa wasishtuke hata kidogo, waliotoka walikuwa asilimia 10 tu, wale wengine waliendelea kuandika huku wanapunga moshi na mkono na kusugua macho. Hebu fikiria sasa behewa lenye watu 80 wote wakiangaliana hivyo.

Kwa hivyo kitu cha maana kuliko vyote ni nani anainuka kwanza na kusema kwa sauti, "jamani huu ni moshi, twendeni behewa la huko." Ukiinuka wewe, wa pili anainuka haraka, wa tatu haraka zaidi, maana wote walikuwa wanangoja ruhusa na hakuna wa kuwapa. Usione aibu. Ukikosea utakuwa umesumbua watu dakika mbili tu.

Lakini kuinuka si kuruka nje, na hapa ndipo baba watoto ana haki yake. Kama treni bado inasonga, iache isonge. Tena nasema hivi kwa herufi kubwa kichwani mwako: usivute breki ya dharura ndani ya handaki. Kanuni za reli za Ulaya zinataka treni ya abiria inayopita mahandaki iwe na uwezo wa kuendelea kukimbia na moto ndani yake, kilomita 80 kwa saa, dakika 4 kwa aina moja ya treni na dakika 15 kwa ile inayopita mahandaki marefu, kusudi tu itoke nje kwa hewa. Piga hesabu ya Ngong: kilomita 4.5 kwa mwendo huo ni chini ya dakika tatu na nusu, uko nje, unashuka kwa mwanga na wazima moto wanaweza kukufikia. Aliyevuta breki katikati amewapa watu wote mwendo wa kilomita mbili na robo kwa miguu, gizani.

Kwa hivyo treni ikisonga na behewa lenu lina moshi, chukua watoto nendeni behewa lingine, mbali na moto, mlango wa katikati ufungwe nyuma yenu, mhudumu wa kwanza mtakayemuona mwambieni moto uko wapi hasa. Treni ikisimama na hakuna moshi kwenu, kaeni ndani msikilize maagizo, ndani kuna mwanga na hewa, na nje pengine kuna treni ingine inakuja. Ikisimama na moshi uko nanyi na hakuna behewa la kukimbilia, hapo mnatoka, mkiambiwa ama msipoambiwa.

*Mwalimu, sisi watu wa Kakamega tukisikia habari ya watu wengi kutoka mahali padogo tunakumbuka ile jioni ya Februari 2020. Unasema watu hawakanyagani lakini sisi tulizika watoto. Naomba ueleze vizuri. – Mzazi, Kakamega*

Mzazi mwenzangu, pole, na asante kwa kuuliza waziwazi. Tarehe 3 Februari 2020 watoto 14 walifariki kwa ngazi za shule moja ya msingi hapo mjini wakati wa kwenda nyumbani, na hakuna neno langu litafuta hiyo. Sikusema kukanyagana hakuko. Ninachosema ni kwamba hakuletwi na watu kuchizi. Kunaletwa na watu wengi kusongamana mahali pamebana, na wale wa nyuma hawaoni kilichotokea mbele. Mtoto mmoja anajikwaa chini kwa ngazi, yule wa juu haoni, anapiga hatua yake ya kawaida, na nyuma yake hivyo hivyo, kila mmoja anasukuma kidogo tu lakini uzito wote unajumlika kwa wale wa chini. Watoto wale hawakuwa na kosa. Na ndiyo maana dawa yake si kuambia watu "tulieni", dawa ni kufanya wa nyuma wasimame, wapate habari ya mbele.

Kwa treni pahali pa kubana ni mlango. Nataka niseme juu ya huu mlango polepole kwa sababu naona ndio watu hawaufikirii. Stesheni unatoka kwa treni ukiwa unatembea tu, sakafu na jukwaa viko sawa, unapita na begi na mtoto na simu sikioni. Ndani ya handaki hakuna jukwaa. Kama hakuna njia ya pembeni iliyoinuliwa, unafungua mlango unakuta giza, na mawe ya reli yako chini mita moja na zaidi. Kila mtu anafika pale anasimama. Anaangalia chini. Anauliza "ni mbali?" Mama amevaa sketi ya kubana, mzee goti linauma, mwingine anataka kwanza kushusha begi. Mlango ambao stesheni ungepitisha mtu mmoja kila sekunde sasa unapitisha mmoja kwa sekunde kadhaa. Tuseme sita. Watu 80 kwa mlango mmoja ni dakika nane, na hiyo ni kama hakuna aliyeteguka mguu akabaki pale chini amekaa.

Namna ya kushuka ni hii. Usiruke, yale mawe yanateleza na kifundo cha mguu kitaenda, na mtu aliyevunjika hapo chini ameziba njia ya wote. Geuka uangalie ndani ya treni, mgongo uwe nje, shika vile vyuma vya mlangoni kwa mikono miwili, shusha mguu mmoja utafute kidaraja, alafu mwingine. Kama kidaraja hakuna, keti kwa ukingo wa sakafu, jishikilie, teleza polepole mpaka miguu ipate mawe. Wanaume wawili wenye nguvu washuke kwanza wabaki pale chini, mmoja kila upande, wapokee watu kwa kiwiko na kwa mgongo. Watoto wanapokewa kwa makwapa. Viatu vya visigino virefu vivuliwe, yaani mwenye navyo abadilishe kama ana champali kwa begi la mkononi, ila asishuke miguu mitupu, hayo mawe yana makali. Na ukishashuka usisimame mlangoni kungoja watu wako! Songa hatua kumi kumi na tano kando ya ukuta, ngojea hapo, ndio mlango uendelee kupumua.

Kuhusu watu kusukumana, nakupa mfano mmoja. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yalilipuka kwa treni tatu za chini ya ardhi London na kwa basi moja, watu 52 waliuawa. Treni zilikuwa zimejaa watu wa kwenda kazini, taa zikazima, vumbi na moshi kila mahali. Watafiti wa Uingereza baadaye waliongea na walionusurika, na walichosimulia zaidi ni kusaidiana: kufungana vidonda na nguo, kupeana maji, kushikana mikono na mtu usiyemjua, kusubiriana zamu ya kutoka. Kwa ile treni iliyokuwa ndani kabisa kabla ya stesheni ya Russell Square handaki limebana sana kiasi kwamba pembeni mwa treni mtu hapiti, ilibidi watu wapitie kwa mwisho wa treni, kwa chumba cha dereva, mmoja mmoja, na wakaenda hivyo. Watu wakijiona wako kwa shida moja wanakuwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo nguvu ya kutegemea, mzazi, na inafanya kazi vizuri pale watu wanapopewa habari, "mbele kuna mtu ameanguka, simameni", isiposemwa hiyo ndipo wa nyuma anaendelea kusonga.

*Sasa nikishashuka naenda mbele ama nyuma? Jibu fupi tafadhali. – Mtu wa boda, Kondele*

Fupi: nenda mbali na moshi, upande ambao hewa inakuja usoni mwako ikiwa safi, shika ukuta. Sasa nivumilie kidogo niseme kwa nini, maana hapa ndipo watu wengi zaidi wamepotea.

Tarehe 11 Novemba 2000 huko Kaprun, Austria, treni ndogo ya kuvutwa na kamba ilikuwa inapandisha watu mlimani wakacheze kwenye theluji. Ilikuwa na watu 162, na ilikuwa imeingia kwa handaki linalopanda mlima. Hita ya feni upande wa nyuma, yaani upande wa chini, ikashika moto. Milango haikufunguka, nyundo za kuvunja vioo hazikuwa, watu walivunja vioo kwa zile fimbo zao za theluji. Waliofaulu kutoka wengi wakapanda juu, kuukimbia moto, jambo ambalo mimi na wewe tungefanya bila kufikiri. Handaki linalopanda hivyo linavuta moshi kama bomba la jiko. Moshi ulipanda kwa kasi kuliko mguu wa mtu, ukawakuta. Watu 12 walishuka chini, wakaupita moto kwa pembeni, wakatoka kwa hewa safi, na ni hao 12 tu walionusurika kwa ile treni. Waliongozwa na mtu aliyekuwa mzima moto wa kujitolea miaka mingi, alijua moshi unaelekea wapi. Pamoja na waliokufa sehemu zingine za lile handaki na kule juu, jumla ilikuwa 155.

Ona basi, kinachoua ni moshi, na moshi una njia yake. Kama handaki linapanda utapanda nalo, kama kuna upepo utaenda na upepo, na kama kuna mafeni makubwa utaenda vile mafeni yanasukuma. Kwa hivyo kabla ya kupiga hatua ya kwanza simama sekunde tano, angalia kwa mwanga wa simu moshi unaelekea wapi. Huku uko, kule hauko, enda kule. Kama wahudumu wanaelekeza watu upande mmoja wafuate, kwa sababu chumba cha kuongoza treni wanajua mafeni yamewashwa kusukuma wapi, na ukiamua kwenda kivyako unaweza kutembea ndani ya moshi uliosukumwa kwako makusudi ili wengine wapone. Baku, Azerbaijan, tarehe 28 Oktoba 1995, watu 289 walikufa kwa treni ya chini ya ardhi iliyowaka moto katikati ya stesheni mbili, na kule pia gesi ya moshi ndiyo ilimaliza wengi.

Sasa ukutani. Wasweden walifanya jaribio ambalo nalipenda kwa sababu walikubali kutesa watu kidogo ili tujue ukweli. Walichukua handaki la mita 200, wakalijaza moshi wa bandia na mvuke wa asidi ya siki ili macho yawashe, alafu watu kama 100 wakaambiwa watafute njia ya kutoka, mmoja mmoja. Kuona mbele ilikuwa mita mbili tatu. Watu walipunguza mwendo sana, walinyoosha mikono, wengi wakashika ukuta na kuufuata. Ukuta ni mzuri unakupa mwelekeo, huwezi kuzunguka ukarudi ulikotoka. Lakini kama mlango wa dharura uko ukuta wa upande ule mwingine unaupita bila kujua uko pale mita chache tu. Kilichosaidia zaidi ya taa ni sauti, spika iliyowekwa kwa mlango ikiita watu. Kwa hivyo ukiwa kwa moshi sikiliza kama unavyoangalia. Na wewe ukifika mlangoni ukawa na pumzi, ita wenzako kwa sauti, "mlango uko huku, huku!" Sauti yako ndiyo spika yao.

Kuhusu umbali: Ulaya kanuni zinasema handaki jipya la reli likiwa na mlango wa kutokea moja kwa moja nje uwe angalau kila mita 1000, ama kama kuna handaki la pili pembeni milango ya kuvukia iwe kila mita 500, na njia ya kutembelea pembeni iwe na upana wa angalau sentimita 80 na chuma cha kushikilia. Lile la chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, kilomita 50, lina handaki la tatu katikati kwa ajili ya huduma, milango yake iko kila mita 375, na hewa ndani yake inasukumwa iwe na nguvu kuliko ya pande mbili zile ili ukifungua mlango hewa itoke kuelekea kwa moshi, moshi usiingie. Tarehe 18 Novemba 1996 lori liliungua ndani ya treni ya malori huko chini, na watu wote 34 waliokuwa ndani walitoka hai kupitia hilo handaki la katikati. Zile sentimita 80 za njia ya pembeni lakini ni watu kufuatana, si watu wawili bega kwa bega. Yule wa mbele ndiye mwendo wenu nyote.

Na ukitaka kujua mwendo ni nini, chukua Ngong tena. Uko katikati, kila upande ni mita 2,250. Ukitembea mita moja kila sekunde, ambayo ni polepole kidogo kuliko mtu anavyotembea pale Oginga Odinga Street, unatoka dakika 38. Kwa mawe na giza na moshi mwendo unaweza kuwa nusu ya hiyo, dakika 75. Ndiyo nikasema treni ikiweza kutoka iache itoke.

*Mimi ni mjukuu kutoka Ahero, nataka kumpeleka dani, yaani nyanya yangu, Nairobi alafu Mombasa aone bahari kabla miaka haijasonga zaidi. Anatembea na fimbo, mbali anatumia kiti cha magurudumu. Ndugu zangu wanasema nisimpandishe treni kwa sababu ya haya mambo. Niwasikize?*

Usiwasikize kwa hilo, mpeleke dani aone bahari. Mahandaki ni sehemu ndogo sana ya safari, na treni ni salama kuliko barabara yetu ya kupitia Mau Summit usiku. Ila jipange.

Ukikata tiketi omba viti karibu na mlango wa behewa, na mkiingia tu mwambie mhudumu kwamba mama huyu hatembei mbali, amuone kwa macho, ajue kiti chake. Hiyo ifanyike treni ikiwa bado imesimama stesheni. Moshi ukitokea nyinyi msingoje hata kidogo kuona wengine watafanya nini, nyinyi ndio wa kuinuka mapema kuliko wote, na safari yenu ya kwanza ni ya ndani kwa ndani, behewa hadi behewa, sakafu ni tambarare na kiti cha magurudumu kinaweza kupita ama mtu amshike mkono. Kwa watu wengi wasiotembea vizuri hiyo peke yake inatosha.

Ikibidi kushuka, kiti kiache. Kwa yale mawe hakiendi popote na kwa njia ya pembeni kitaziba watu. Dani anabebwa: watu wawili wanashikana vifundo vya mikono wanafanya kiti, yeye anaketi hapo, mikono yake mabegani mwao, na njia ikibana basi mmoja anambeba mgongoni na leso inafungwa kiunoni kushikilia, wamama wanajua kufunga. Wabebaji wabadilishane kila baada ya mwendo mfupi kabla hawajachoka. Omba watu kwa kuwataja: "wewe ndugu wa shati jekundu, nisaidie na mama yangu." Ukiita "nisaidieni jamani" kwa watu wote kila mtu anadhani mwingine ataenda, ukimwita mmoja anakuja. Na kama dani anatembea na fimbo yake mwenyewe, yeye awe upande wa ukuta, mtu wake mbele yake kidogo, wenye haraka wapite kwa upande wa nje. Msimwache nyuma ya mstari wote mkisema atafika, kwa moshi mtu wa mwisho hana wa kumsikia akianguka.

*Nafanya biashara, natembea na mizigo. Niache mali yangu iungue? – Molo*

Ndiyo. Iache. Begi moja la mgongoni ukiwa tayari umelivaa ni sawa, kitu kingine chochote cha mkononi kinakunyima mkono wa kushika chuma cha mlango na mkono wa kushika ukuta, na kikianguka kwa ile njia ya sentimita 80 kinaangusha watu. Simu, kitambulisho na pesa za mauzo ziwe kwa mfuko wa nguo tangu unapopanda, hapo hutakuwa na sababu ya kurudi.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha darasa la sita huku Bungoma na tunapanga kupeleka watoto 40 kwa ziara ya treni. Wazazi wameniamini. Nawaandaa vipi bila kuwatisha? – Mwalimu wa Bungoma*

Mwalimu, nakushukuru kwa kufikiria mapema. Watoto hawatishwi na mazoezi, wanatishwa na mtu mzima ambaye hajui la kufanya.

Kitu kimoja ujue kuhusu jinsi watu wanavyotembea kwa hatari: watu hawaendi kwa mlango ulio karibu, wanaenda kwa watu wao. Mama anarudi kutafuta mtoto, ndugu anangoja ndugu, marafiki wanatafutana kwanza ndio waondoke. Huwezi kuondoa hiyo kwa mtu, na mimi nisingetaka uiondoe. Kwa hivyo itumie. Watoto 40 wagawe kwa makundi ya wanane na mtu mzima mmoja, na kila kundi likae pamoja, viti vya kufuatana, wasitawanyike behewa mbili ili kesho mtu asianze kukimbia kinyume na watu kumtafuta pacha wake. Ndani ya kundi kila mtoto awe na mwenzake mmoja wa kushikana naye. Kama hamna watu wazima watano wa kutosha, ombeni wazazi wawili watatu waje, treni si mahali pa mwalimu mmoja na watoto arobaini.

Fanyeni mazoezi shuleni. Funga madirisha ya darasa, zima taa, watoto wafuatane kwa ukuta mkono mmoja kwa ukuta na mwingine kwa bega la wa mbele, watembee bila kukimbia, mwalimu mmoja mbele na mwingine mwisho. Wafundishe kusema kuelekea nyuma kila kitu wanachokutana nacho, "jiwe", "ngazi", "simama", neno lipite mtoto hadi mtoto mpaka la mwisho. Hilo neno linalopita ndilo linazuia wa nyuma wasisukume wa mbele. Wajaribu kushuka kwa ukingo wa jukwaa la kusanyiko ama trela ya trekta kinyumenyume, wakipokewa. Wakishajua wataona ni mchezo, waache waone hivyo. Siku yenyewe kila mtu mzima awe na tochi halisi, simu zinaisha chaji na utaihitaji kuita.

Mkiwa ndani ya treni na jambo likatokea, sema kwa sauti ya darasani, maneno machache, mara mbili: "Darasa la sita, simameni. Shikeni wenzenu. Tunaenda behewa la mbele." Usiseme "msiogope", utakuwa umewaambia kuna la kuogopa na hujawaambia la kufanya. Utashangaa, abiria wengine watakufuata pia, maana wewe ndiye mtu wa kwanza aliyesimama.

Na mkitoka nje msihesabu watoto pale mdomoni mwa handaki. Moshi unatokea hapo hapo, na wazima moto wanataka kupita. Sogeeni kando ya reli mpaka mahali pa wazi, upande ambao upepo hauwaletei moshi, kila kiongozi wa kundi ahesabu wanane wake, alafu wewe upokee hesabu tano. Ikipungua mmoja mwambie mzima moto jina na behewa, usirudi ndani wewe mwenyewe, wale 39 bado wako mikononi mwako.